Re: Oksidi ya nikeli yangu ni nyeusi na inavutwa na sumaku

Pole, ndugu. Nimekuelewa: umechoma asetati ya nikeli (chumvi ya nikeli), ukapata unga mweusi unaorukia sumaku, ilhali vitabu vinasema NiO (oksidi ya nikeli) ni ya kijani na sumaku za atomi zake hufutana hadi karibu 525 K (kelvini; kama 252 °C), kwa hiyo haipaswi kurukia sumaku.

Hayo ni matatizo mawili. Weusi ni oksijeni iliyozidi: nafasi za nikeli zimebaki wazi, baadhi ya ioni za nikeli za Ni²⁺ zimepoteza elektroni moja zaidi na kuwa Ni³⁺, na umeme unaanza kupita. Choma tena hewani, juu ya 1000 °C.

Kuvutwa na sumaku kunanitia shaka zaidi. Asetati ikiungua bila hewa ya kutosha huacha nikeli tupu, yaani metali yenyewe, ambayo sumaku huivuta. Pima unga kwa mtawanyiko wa eksirei (mirija ya shaba), uangalie kwenye grafu pembe (2θ) ya nyuzi 51.8: NiO haina kilele pale, nikeli inacho. Usihangaike na kilele kingine cha nikeli cha 44.5, pamebanana na kilele cha NiO cha 43.3. Kama hakuna kilele pale 51.8, shuku kwamba kijiko chako cha chuma kimechafua unga.

Na tafadhali, usiusage unga huo mezani. Vumbi lake likivutwa kwa pumzi linaweza kusababisha saratani. Muone msimamizi wa usalama wa maabara kwanza.