Hanesi ya kukwea miti: ning'inia kwanza ndo utoe hela

Jumapili iliyopita mvua inanyesha niko zangu ndani, kuna dogo wa Mafinga akanitumia meseji: "Bro nimeanza kazi ya kukata miti, nina laki tatu na nusu, nichukue hanesi gani ambayo haiumizi?" Hanesi ni ile mikanda ya kiunoni na mapajani inayokushikilia kwenye kamba ukiwa juu ya mti. Nikaanza kumjibu kwa voisi, nikafika dakika ya sita bado naongea, na sauti imeanza kupanda kama nagombana na mtu. Sikuwa nagombana nae. Nilikuwa nimekumbuka mwaka 2014. Nikamwambia dogo subiri, naandika.

Mimi nipo Arusha, hii kazi niliingia 2013. Mijakaranda, mikaratusi, mgrevilea iliyoegemea mabati ya watu, hiyo ndo ofisi yangu. Bosi wangu wa kwanza alinipa hanesi ya site, ile wanayovaa mafundi wa ghorofani, ring kubwa iko mgongoni. Akaniambia mkanda ni mkanda. Mimi nilikuwa na miaka 22, ningejuaje. Ile kitu imetengenezwa ikudake ukidondoka, haijatengenezwa ukae humo unafanya kazi. Mikanda ya mapajani ni myembamba kama ya begi la shule, haina sponji, na sisi tunaoshinda juu ya mti uzito wote unakaa palepale kwenye kinena.

Basi 2014 tukapata mti wa shule moja, mkaratusi mrefu umeinamia bweni. Nikapanda saa mbili asubuhi. Kufika saa tano mguu wa kushoto siusikii, wa kulia unawaka moto, na juu bado kuna matawi matatu. Hapo sasa ndo nataka unielewe vizuri wewe unayesoma, kwa sababu watu wanadhani hanesi nzuri ni anasa, ni mambo ya kujidekeza. Maumivu yanakufanya uwe na haraka. Nilichokuwa nawaza ni kushuka tu, siwazi tawi linaangukia wapi, siwazi kamba iko wapi, nikashika chenso kwa mkono mmoja nikakata, meno yakagusa kamba ya pembeni niliyojizungushia kwenye shina. Ikakatika nusu. Niliiona nyuzi nyeupe zimetoka nje nikaganda pale sijui muda gani.

Nilivyoshuka sikuweza kusimama, nikakaa chini kwenye maganda. Bosi akasema mbele ya vijana wote, mwanaume gani unalia sababu ya mkanda. Akanilipa nusu, kesho yake akachukua mtu mwingine. Ni miaka mingi imepita ila nikiiandika hivi bado kifua kinabana.

Baadae jamaa yangu anayepeleka wageni Mlima Kenya akaniuzia hanesi yake ya kukwea miamba. Nzuri, nyepesi, nikaona nimetoka kimaisha. Lakini ile ya miamba mtu anatembea nayo na kupanda nayo, kuning'inia ni dakika chache anashushwa. Haina ring za kiunoni pembeni za kufungia kamba ya kuzungusha shina, na ukikaa nusu saa ni yaleyale, ganzi. Niliitumia karibu miaka miwili hivyohivyo. Usifanye hivyo.

2017 nikaamua. Nikauza pikipiki, mama watoto hakunielewa kabisa na simlaumu, nikapanda basi kupitia Namanga mpaka Nairobi kutafuta hanesi ya miti yenyewe. Duka la kwanza muuzaji akaniambia vaa, jiangalie kwenye kioo, imekukaa. Nikamwambia kaka mimi sifanyi kazi nimesimama, nataka kuning'inia. Akakataa, nikatoka. Duka la pili mzee mmoja akanielewa, akanionyesha boriti ya chuma nyuma ya duka, akasema funga kamba yako kijana.

Nilijaribu tatu. Ya kwanza ina sponji laini kama kochi, ukisimama unasema hii hii, lakini nilivyoning'inia dakika kumi mkanda wa kiuno ukapanda mpaka kwenye mbavu, kupumua shida. Ya pili kiuno kiko poa ila mikanda ya miguu inaingia ndani ya mapaja na kubana. Ya tatu ndo ilikuwa na sponji kidogo kuliko zote! Ila mkanda wake mpana, mgumu kiasi haujikunji, umekaa juu kidogo ya mifupa ya nyonga ukatulia hapo, na ya miguu imeshika katikati ya paja. Nikakaa dakika 25 napiga stori na yule mzee. Nikajua hapo kwamba ulaini unadanganya, upana na mahali mkanda unapokaa ndo mpango mzima.

Kitu kingine niligundua palepale kwenye boriti ni ile kamba fupi ya mbele inayounganisha ring mbili, wengine tunaiita daraja. Ikiwa fupi sana ring zinavutwa karibu karibu na nyonga zinabanwa kama kwenye koleo. Mzee akairefusha kidogo, maumivu yakaisha. Ukirefusha kupita kiasi nako mtambo wako wa kamba, kile kifaa cha kupandia na kushukia, unakuwa mbali na mkono. Kwa hiyo chukua ambayo daraja lake linarekebishika na linabadilishika, maana ndo linasagika haraka kuliko kitu kingine, likianza kutoa manyoya badilisha.

Kuna zile za kibao pia, unakalia ubao kabisa. Kwa kukaa muda mrefu sehemu moja ni raha, ila ukianza kupenya kwenye matawi kibao kinakwama kila saa, mimi sikuipenda.

Niliporudi kazi ya kwanza ilikuwa jakaranda, nikakaa juu masaa matano nikafika mpaka ncha za matawi ambazo zamani nilikuwa namdanganya mteja kwamba hazifikiki. Na 2019 yule bosi wa mkaratusi akanipigia simu anaomba nimfanyie kazi. Nilimtajia bei yangu, akalipa yote.

Sasa dogo, laki tatu na nusu. Hizi za majina kama Sequoia ya kampuni ya Petzl, mpya zinavuka milioni, usijidanganye. Na mtumba usiojua umetoka wapi achana nao kabisa, Petzl wenyewe vitu vyao vya mikanda na kitambaa wanavipa mwisho miaka 10 toka tarehe ya kutengenezwa, iko kwenye lebo, sasa wewe unapewa ambayo lebo imekatwa unaweka roho yako humo? Kwenye lebo tafuta namba za viwango vya Ulaya: EN 813, hiyo ni ya kukalia, na EN 358 ya kufanya kazi umejizungushia kamba. Ukikuta EN 361 peke yake, hiyo ndo ile ya bosi wangu. Nenda na suruali unayofanyia kazi, pima kiuno ukiwa umeivaa, ning'inia na chenso imefungwa kiunoni maana nayo ina kilo zake, na usishuke kabla ya dakika 20. Muuzaji akikukatalia kuning'inia, ondoka. Narudia, ondoka.

Halafu tafuta mtu wa chini anayejua kukushusha. Ukizimia ukabaki unaning'inia bila kusogeza miguu damu inajikusanya chini, huna muda mwingi, na hapo hanesi iwe nzuri vipi haikusaidii.

Kama hela haijatosha fanya kazi za chini kwanza, kuvuta kamba na kuchana magogo, jaza pesa taratibu. Au panda basi uje Arusha. Nyumbani nina mwembe una tawi zuri na nina hanesi mbili, utaning'inia zote mpaka uchoke. Njoo na suruali ya kazi.