Redio ya michango ya wasikilizaji Mombasa yawezekana
Ndugu yangu, umeuliza kama redio ya mtaa hapa Mombasa yaweza kuishi kwa michango ya wasikilizaji, bila matangazo ya biashara. Yaweza. Redio ya KPFA ya Berkeley, Marekani, ilianza hivyo mwaka 1949. Mwaka 1950 pesa ziliisha ikazimwa, wasikilizaji wakachanga, 1951 ikarudi hewani, na ipo hadi leo.

Muhimu ni wengi kutoa kidogo kila mwezi. Shilingi 50 kwa M-Pesa kutoka Likoni au Kisauni naziamini kuliko laki ya mwanasiasa, maana laki hiyo huja na masharti, hasa uchaguzi ukikaribia. Ila hesabu zisomwe hewani kila mwezi, hata mafuta ya jenereta. Watu wetu hutoa wakijua pesa zaenda wapi.