Msisaini mkataba wa nyumba wenye jina la mmoja wenu tu

Mdogo wangu, usisaini. Umeandika kwamba wewe na mwenzako, nyote wanafunzi wa chuo kikuu, mmepata nyumba, mnahamia mwisho wa wiki hii, na dalali amewashauri mkataba uandikwe kwa jina la mmoja wenu "ili mambo yaende haraka". Umeuliza pia kuhusu samani za kuanzia, mgawanyo wa kazi za nyumbani na namna watu wawili wanavyoweza kusoma katika chumba kimoja. Hayo yanaweza kusubiri. Suala la jina haliwezi, nami naandika kwa hasira kwa sababu maneno ya dalali wenu ndiyo yale yale niliyoambiwa mimi.

Sisi tuliandika jina la mke wangu peke yake, kwa kuwa siku ile ndiye aliyekuwa na kitambulisho mkononi. Dalali akatabasamu, akasema jina langu litaongezwa baadaye, akapokea ujira wake, na tangu hapo simu yake ikawa inaita bila kupokelewa. Amana na kodi ya kwanza zilitoka kwenye akaunti yangu, nami nikajiona mwenye mji. Hata mapazia niliyatundika mwenyewe, ingawa yalikaa upande.

Kisha mke wangu akapangiwa mafunzo kwa vitendo mbali na chuo. Hakukaa sana huko kabla bomba la chini ya sinki halijaanza kuvuja, maji yakaingia kabatini na mbao zikavimba hata mlango ukagoma kufungwa. Nilipompigia mwenye nyumba, alinisikiliza kwa upole, kisha akauliza mimi ni nani. Nilipojitambulisha kuwa ni mpangaji wake, alinisomea kifungu ambacho sote wawili tulikiruka: mgeni yeyote hataruhusiwa kulala humo kwa zaidi ya wiki mbili bila idhini ya maandishi. Kumbe nilikuwa mgeni, tena mgeni aliyepitiliza, katika nyumba niliyokuwa nikiilipia kodi. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Mimi nilipewa notisi.

Kukiukwa kwa kifungu kile kukawa sababu ya kuvunja mkataba na kuzuia amana, gharama ya kabati ikaongezwa juu yake, na mimi sikuweza kudai chochote kwa jina langu. Nilikuwa na uthibitisho wa benki, lakini uthibitisho huo unaonyesha tu kwamba fedha zimelipwa. Haumfanyi aliyelipa kuwa mpangaji. Mke wangu angeweza kudai, ila alikuwa katikati ya mafunzo ambayo kuyakatisha kungemlazimu kuyarudia mwaka uliofuata, hivyo fedha zile tukazisamehe huku tukiuma meno. Isitoshe, chuo kilipotaka uthibitisho wa makazi yangu, sikuwa na karatasi hata moja yenye jina langu pamoja na anwani ile.

Watakuja wengine hapa kukuonya kwamba majina mawili nayo yana hatari, na ni kweli. Mikataba mingi ya wapangaji wawili huwawajibisha kwa pamoja na kila mmoja peke yake, maana yake mmoja akishindwa kulipa, mwenye nyumba anaweza kumdai mwingine kodi nzima, si nusu. Mlizungumze hilo waziwazi, hasa kama hamjaoana. Hata hivyo nashikilia msimamo wangu, kwa sababu mpangaji anayedaiwa naye ana haki za kudai, ilhali mgeni hana la kudai. Na kwa kuwa mikataba mingi ni ya mwaka mzima wakati mwaka wa masomo ni mfupi zaidi, ombeni kifungu kitakachomruhusu mmoja wenu kujitoa, au nyote kuondoka, kwa notisi ya muda uliotajwa, endapo chuo kitampangia mmoja wenu mafunzo mahali pengine. Ahadi ya mdomo msiipokee.

Siku ya kukabidhiwa funguo, piteni wote wawili chumba kwa chumba kabla mzigo wa kwanza haujaingia, mkiandika kila ufa, kila doa la unyevu na namba zinazosomeka kwenye mita za maji na umeme, kisha ninyi na mwenye nyumba muisaini karatasi hiyo. Fungueni maji ya sinki, mchuchumae, mpitishe kidole kwenye maungio ya bomba. Mimi nilitazama rangi ya ukuta.

Dalali akikwambia jina la pili litachelewesha mambo, mwulize mambo ya nani. Jina ni mstari mmoja wa kuandika. Kinachochelewa ni ujira wake. Mwombe rasimu leo hii, usome kwanza kifungu cha wageni na kile cha kusitisha mkataba, na ukikwama uvibandike hapa ukiwa umefuta majina na anwani, nivisome kabla hamjaenda kusaini.