Jibu: Kubadilisha ukuta wa kuzuia udongo baada ya ramani kupitishwa

Habari ndugu. Unataka kuongeza kimo cha ukuta wa kuzuia udongo na kusogeza uzio, ilhali ramani imeshapitishwa. Fundi asianze kwanza.

Soma masharti ya kibali chako. Bustani na uzio mara nyingi huhesabiwa marekebisho madogo. Ukuta ni habari nyingine. Kimo kikiongezeka mara mbili, msukumo wa udongo huongezeka mara nne, kwa hiyo mhandisi apige hesabu upya, na mchoro uonyeshe msingi pamoja na matundu ya kutolea maji. Mimi niliyasahau hayo matundu, michoro ikarudishwa.

Uzio utakaa juu ya ukuta? Mwambie mhandisi mapema, maana upepo nao husukuma.