Kijiji ni salama, lakini kwa hesabu ya nani?

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmelielekeza kwa wasomaji tulio ughaibuni: "Unakoishi ni salama? Umejuaje?" La kwanza nalijibu papo hapo: ndiyo, ni salama, na usiku nalala usingizi wangu wote. La pili ndilo lililonikalisha chini niandike. Hapa Uingereza ukimuuliza mtu amejuaje, anachomoa simu na kukuonyesha ramani ya polisi. Ramani hiyo nimeizoea, na kuna mengi inayonyamazia.

Mimi nahudumia wazee majumbani kwao, kazi ambayo wengi wetu huku tunaiita kea tu. Zamu zangu ni za vijijini, Norfolk, mashariki mwa nchi, katikati ya mashamba ya ngano na shayiri. Vijiji vyenyewe ni vya watu mia tatu, mia nne: kanisa la mawe, baa moja, sanduku la posta, shule iliyofungwa zamani ikageuzwa makazi. Barabara hazina taa, na pembeni kuna ua wa miti ya miiba mrefu kuliko gari. Ndugu yangu alipokuja kunitembelea kutoka Dar es Salaam alishangaa kuona meza ndogo kando ya barabara, mayai juu yake na kopo la kuwekea hela, muuzaji hayupo. Akaniuliza nani analinda. Hakuna anayelinda. Hela zinakuwepo jioni.

Sasa twende kwenye tarakimu. Tangu mwaka 2011 tovuti ya police.uk imekuwa ikionyesha makosa yaliyoripotiwa Uingereza na Wales mtaa kwa mtaa, mwezi baada ya mwezi. Wanunuzi wa nyumba huipekua sana. Kinachotajwa mara nyingi ni kiwango, yaani makosa mangapi kwa kila watu 1,000. Kwa jiji kama Leeds hesabu hiyo inaeleweka. Ilete kijijini uone vituko. Chukua kijiji cha watu 400 kilichoripoti makosa manne kwa mwaka. Kiwango chake ni 10. Mwaka unaofuata, mchana mmoja, wezi wanapita na kuvunja vioo vya magari manane ya watu waliotoka mjini kuja kutembea porini. Ukijumlisha na yale manne ya kawaida, makosa yamekuwa 12, kiwango ni 30. Uhalifu "umepanda mara tatu", na gazeti la wilaya likiandika hivyo halijasema uongo, ilhali hakuna mwanakijiji aliyepoteza hata sindano.

Tena ramani haionyeshi tukio lilikotokea hasa. Ili kuficha nyumba ya aliyedhurika, kila tukio husogezwa hadi kwenye nukta iliyopangwa tangu awali, na nukta ikiwa na makazi lazima iwe na anwani zisizopungua nane. Mjini anwani nane ni ghorofa moja ya jengo. Kijijini zinaweza kuwa nusu ya mtaa, na nyumba ya shambani iliyo peke yake maili moja nje inaweza kukuta mambo yake yamebandikwa mahali pengine kabisa. Binti wa bibi mmoja ninayemhudumia aliwahi kunionyesha nukta iliyokuwa karibu na kanisa, imeandikwa ukatili na makosa ya kingono, akiwa na hofu kwamba kuna watu wanapigana pale usiku. Nikamuuliza kama amewahi kusikia kelele. "Hata siku moja," akasema, na nyumba yake inatazamana na lango la kanisa.

Kundi hilo moja la makosa limebeba kila kitu: kofi, vitisho kwa simu, kumfuatafuata mtu, ubakaji. Takribani theluthi moja ya makosa ya kumdhuru mtu yanayoandikwa na polisi huku yanahusu unyanyasaji wa majumbani. Kwa hiyo nukta ya pale kanisani yawezekana kabisa ni jikoni kwa mtu. Nitarudi hapo, maana ndiko hoja yangu iliko.

Kwanza niseme haki ya kijiji. Kinachokilinda ni macho ya majirani, na Waingereza wana utaratibu rasmi wa jambo hilo. Kikundi cha kwanza cha majirani walinzi nchini kilianzishwa mwaka 1982 katika kijiji cha Mollington, Cheshire, na mtindo ukaenea nchi nzima. Mpaka leo utaona vibandiko vyao madirishani na kwenye nguzo. (Miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wanaunda sungusungu kupambana na wezi wa ng'ombe. Sungusungu walikamata na kuhukumu. Hawa wa Cheshire walitakiwa watazame tu na kupiga simu.) Siku hizi kazi imehamia kwenye kundi la WhatsApp.

Jioni moja ya Novemba nilikuwa nimeegesha karibu na kanisa, nasubiri saa ya bibi wa mwisho ifike. Akaja mzee mmoja na mbwa wake, kavaa buti za mpira, akagonga kioo kwa kidole na kuniuliza kwa upole kama nimepotea. Nikamwonyesha kitambulisho cha kazi. Akaomba radhi, akaenda zake. Kesho yake yule binti wa bibi, uso umemshuka kwa aibu, akanionyesha simu: "Gari dogo la rangi ya fedha, mwanamke mweusi ndani, hapa kanisani muda mrefu. Kuna anayemjua?" Majibu yalikuwa yamemiminika chini yake, moja likiwa na namba ya gari langu, mpaka mtu akaandika, "Ni yule dada anayemhudumia bibi wa nyumba ya pembeni," kimya kikatanda. Nilikasirika, na sioni sababu ya kuficha. Kuna mafundi wa maji huegesha pale pale wakila mikate yao bila mtu kuuliza chochote.

Lakini miezi michache baadaye wanaume wawili walimgongea bibi huyo huyo, wakamwambia vigae vya paa lake vimelegea na wako tayari kupanda sasa hivi, malipo taslimu. Utapeli huo unajulikana vijijini kote: wanapanda, wanavunja kigae kizima, wanashuka nacho kama ushahidi, na bei inakua kila wanaporudi juu. Bibi alikuwa ameshaanza kutafuta pochi. Gari lao halikuwa na jina la kampuni ubavuni, na mzee wa mbwa alikuwa ameshaliona. Akaja mlangoni na sauti yake ile ile ya upole, akauliza ofisi yao iko mji gani. Waliondoka haraka hata ngazi wakaiacha. Ndiyo maana nasema kijiji kinajilinda vizuri dhidi ya mgeni, ingawa gharama ya ulinzi huo hulipwa zaidi na wageni wanaofanana na mimi.

Polisi wenyewe wako mbali. Zamani kijiji kilikuwa na askari wake, anayeishi katika nyumba ya polisi na kuzunguka kwa baiskeli. Nyumba hizo nyingi zimeuzwa. Ipo moja kwenye njia yangu, nembo ya polisi wa kaunti bado iko juu ya mlango, ndani anaishi daktari wa meno. Kati ya 2010 na 2018 idadi ya polisi Uingereza na Wales ilipungua kwa takribani 20,000, kisha serikali ikatangaza mwaka 2019 kwamba itaajiri wengine 20,000. Kwa mkazi wa mwisho wa barabara ya shambani hayo hayabadilishi sana: akipiga 999, namba ya dharura, usiku, gari litatoka mji wa mbali na lazima lipite njia zilezile za konakona.

Wazee wa huku wakianza kuzungumzia umbali huo, haichukui muda jina la Tony Martin linatajwa. Alikuwa mkulima aliyeishi peke yake Emneth Hungate, hapa hapa Norfolk, akilalamika kwamba ameibiwa mara kadhaa na polisi hawamsaidii. Usiku wa tarehe 20 Agosti 1999 aliwafyatulia bunduki watu wawili walioingia nyumbani kwake. Fred Barras, kijana wa miaka 16, alipigwa mgongoni akafa. Mwaka 2000 Martin alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikakiri kwamba hali yake ya akili ilikuwa na kasoro, ikapunguza kosa kuwa kuua bila kukusudia, na akatoka gerezani 2003. Amefariki mwaka 2025, na ubishi haujazikwa naye. Mzee mmoja ninayemsaidia kunywa dawa asubuhi humwita shujaa. Mkewe, akimimina chai, hujibu kila mara kwamba yule alikuwa mtoto wa watu.

Kinachoibwa vijijini nacho kina soko lake. Mwizi haji kutafuta televisheni. Anakuja kuchukua vifaa vya GPS kwenye matrekta, pikipiki za magurudumu manne za wafugaji, dizeli, mafuta ya kupashia nyumba joto, na mabati ya madini ya risasi kwenye paa za makanisa. Kampuni ya bima NFU Mutual ilikadiria wizi wa vijijini Uingereza nzima uligharimu pauni milioni 52.8 mwaka 2023, ukashuka hadi milioni 44.1 mwaka 2024. Kifaa kimoja cha GPS kikiondoka wakati wa mavuno mkulima anaweza kusimama siku kadhaa, na kwenye ramani tukio hilo ni nukta moja, sawa na baiskeli ya mtoto.

Utapeli wa simu na intaneti haumo kabisa kwenye ramani hiyo, ingawa utafiti wa kitaifa unaowauliza watu wenyewe, ule usiosubiri ripoti za polisi, unaonyesha ni takribani makosa manne katika kila kumi. Wazee wangu wanapigiwa simu na "benki" kila wiki. Sina la kuongeza hapo, kila msomaji anao wa kwao.

Narudi jikoni. Mwaka 2019 National Rural Crime Network, mtandao wa kitaifa unaoshughulikia uhalifu wa vijijini, ilichapisha utafiti kuhusu unyanyasaji wa majumbani vijijini, ikakuta kwamba katika maeneo ya vijijini zaidi unyanyasaji hudumu muda mrefu kwa asilimia 25 kuliko mjini. Anayefanya kazi kama yangu hashangai. Basi linapita mara chache, jioni hakuna. Gari ni moja na funguo anazo mume. Nyumba ni ya shamba, na ajira ya shamba ni yake, kwa hiyo kumwacha ni kuacha paa. Daktari anamfahamu mume, mwenye baa anamfahamu, mwenyekiti wa baraza la kijiji alicheza naye kriketi. Yale macho yaliyonihesabia dakika pale kanisani yakimwona mwanamke wa nyumba ya tatu kafunga shingo kwa skafu mwezi Julai, hakuna anayeandika kwenye kundi. Ni mambo ya watu. Nimeisikia kauli hiyo kwa Kiingereza safi, na sikuhitaji mkalimani, maana nimekua nikiisikia uswahilini.

Kwa hiyo, mhariri, kijiji cha kiwango cha 10 chaweza kuwa kijiji tulivu kweli, au kijiji ambacho watu hawapigi simu. Ukitazama tarakimu peke yake huwezi kuvitofautisha. Mimi nikitaka kujua mahali pa kumweka binti yangu, ningeuliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi, kama mtandao wa simu unashika ndani ya nyumba, na kama kuna mtu wa kumgongea usiku ambaye si ndugu wa mume.

Najua dada zetu kadhaa wameletwa vijiji kama hivi na waume wenye kazi za shamba au kea, na wengine wanasoma gazeti hili kwa siri. Kwao naandika haya. Ukipiga 999 kwa simu ya mkononi na huwezi kusema, sikiliza maelekezo kisha bonyeza 55, utaunganishwa na polisi. Kubonyeza huko pekee hakuwaonyeshi ulipo, kwa hiyo usikate simu. Watakuuliza maswali mafupi, na unaweza kujibu kwa kukohoa au kugonga simu kwa kidole. Kama hatari si ya dakika hiyo, namba ya msaada kwa wanaonyanyaswa majumbani, 0808 2000 247, ni ya bure, inapokelewa usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani.

Msomaji wenu, Norfolk