Warren Zevon kwa David Letterman

Kwa aliyeuliza kama wanamuziki wakongwe huenda kwenye vipindi vya vichekesho vya usiku kunadi albamu tu: namkumbuka Warren Zevon, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo wa Marekani, ambaye tarehe 30 Oktoba 2002, akiwa na saratani ya utando wa mapafu isiyo na tiba, alipewa na David Letterman, aliyekuwa mwendeshaji wa kipindi cha usiku cha televisheni nchini Marekani, kipindi kizima, ilhali mwanamuziki kwa kawaida hupata wimbo mmoja mwishoni. Aliimba nyimbo tatu. Alipoulizwa kuhusu maisha na kifo, alijibu kwamba mtu afurahie kila sandwichi, na jibu hilo, lililochekesha na kuumiza kwa pamoja, lilinigusa kuliko hotuba yoyote ndefu. Alifariki Septemba 2003, na sijaona mahojiano mengine ya usiku yaliyoendeshwa kwa upendo wa namna ile.