Mpasuaji hakuwa peke yake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Nani alimaliza miti mikubwa ya milima yetu?", limenigusa pabaya, maana wasomaji walionitangulia wamemtaja mtu mmoja tu: mpasuaji mbao. Baba yangu alikuwa mpasuaji huko Usambara Mashariki, misitu ya juu ya Muheza inayopigwa na upepo wa bahari na kupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kabla ya kusema nani alimaliza, nataka watu wajue kazi yenyewe ilikuwaje.

Nachukua mti mmoja, mtambara. Kwa wasioujua, ni jamaa ya kungumanga, shina limenyooka kama mlingoti na matawi yanaanzia juu kabisa. Ule ulikuwa bondeni upande wa Kwamkoro. Watu wanne wakishikana mikono hawaumalizi. Baba na mwenzake, mtu wa Njombe niliyemwita Baba Mdogo, waliuendea na kibali mfukoni wakati masika hayajakatika, kwa sababu mwenye lori alitaka mbao zake mapema.

Mizizi ilipanda shinani kuzidi kimo changu, kwa hiyo walifunga jukwaa la miti, wakapanda hadi pale shina linapokuwa duara. Wakachonga mdomo kwa shoka upande wa mteremko, kisha wakaingiza msumeno kwa nyuma, huku wakigongea kabari usibanwe. Utomvu mwekundu ulichuruzika kwenye gome. Baba Mdogo akafuta meno ya msumeno kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, wakaendelea. Mti ulipoanza kulia walinipigia kelele nikimbilie juu. Haukuanguka peke yake. Kamba za msitu zilikuwa zimeufunga na jirani zake, ukashuka na misambu na mnyasa mmoja mchanga, na mahali palipokuwa na giza adhuhuri tukaona mbingu.

Kupasua ndiko kulikokula siku. Walichimba shimo chini ya gogo. Wa juu anafuata mstari, wa chini anavuta. Mstari ulipigwa kwa uzi uliochovywa katika masizi ya betri zilizokwisha: unakazwa ncha hadi ncha, unavutwa katikati, unaachiwa. Mvua ikinyesha mstari unafutika, mnapiga upya. Baba Mdogo ndiye aliyekuwa chini. Vumbi bichi la mbao lilimganda kwenye kope na shingoni, na usiku alikohoa mpaka sisi watoto tukaamka. Mbao zilitolewa bondeni kichwani, ubao mmoja mmoja, kwenye utelezi, hadi barabarani. Pale mwenye lori alizipangia bei mwenyewe, akilalamikia mafundo, na sehemu ya malipo hakuileta kamwe.

Miaka hiyohiyo matrekta yalikuwa yakiburuta magogo mazima kwenda kutengenezewa plaiwudi Tanga, na barabara zilichongwa ubavuni mwa mlima ili yapite. Uvunaji ule wa mitambo ulisimamishwa katika miaka ya 1980 baada ya kelele nyingi. Nilianza barua hii nikitaka kuishia hapo: mlaumuni mwenye mtambo, mwacheni mwenye msumeno wa mkono.

Lakini kila nikiandika habari za ule mti naliona pengo lake. Nilipita pale nikiwa mtu mzima. Pamejaa mhesi, mti ulioletwa na kupandwa milimani kwetu. Hondohondo hula matunda yake na kutawanya mbegu, nao hukimbilia kila penye mwanga. Pengo la baba na pengo la trekta, mhesi hauyatofautishi. Na msitu huu ndio unaoulisha mto Zigi, ambao watu wa Tanga mjini wanakunywa maji yake.

Kwa hiyo mkiniuliza kama wapasuaji warudi juu, nasema hapana, hata kama ni wadogo zangu. Hapana hiyo ni ya msitu wa asili, ule uliotangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani mwaka 1997 na mwingine wa aina yake. Kuhusu mhesi, sioni ubaya wanakijiji kuuvuna kwa usimamizi, ila si kwa kuangushia miti mingine. Tena anayezuiwa kukata apate cha kushika. Mbegu za msambu zinakamuliwa mafuta na zimepata wanunuzi, jambo jema, ingawa huko nako bei anaipanga mwenye gari.

Mkichapisha orodha ya waliomaliza miti, mtieni na baba yangu. Ila jina lake lije baada ya mwenye kiwanda, mwenye lori, na yule aliyegonga muhuri kwenye kibali bila kufika bondeni.

Msomaji wenu,
Muheza